Masikio ya Riang na Shokapu za Kiberiti

Katika kituo kidogo cha redio alikofanya kazi, Riang alijulikana kama mtu wa masikio. Mtangazaji akiegemea mbali na maikrofoni kwa upana wa kidole, Riang alijua. Jenereta ikianza kukohoa kwa uhaba wa mafuta, Riang alikuwa ameshainuka kitini kabla taa hazijapepesa. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa nyuma ya kioo cha studio, visikizio kichwani, akiwaambia watu wenye digrii kwamba wanazungumzia puani. Sifa hiyo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ndiyo maana kisa kilichompata na gari lake mwenyewe hukisimulia akiwa ameinamisha kichwa, kama mwalimu wa kuogelea anayeeleza jinsi alivyozama kwenye beseni.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, lililokwisha kuzeekea kwa watu wengine kabla ya kufika Juba. Binti yake, Nyawech, alilibatiza Kiberiti. Riang ni mrefu hata miongoni mwa Wanueri, na majirani wa mtaa wa Hai Malakal walisema haingii kwenye gari lile, analivaa. Lakini alilipenda. Lilipita penye mashimo ambapo magari makubwa yalikwama yakibishana, na lilikunywa petroli kama mgonjwa anavyokunywa uji.

Kelele ilianza mwishoni mwa mvua. Ko-ko. Kila gurudumu la nyuma lilipoangukia shimo, ko-ko, na mashimo kati ya nyumbani na kazini, mtaa uitwao Juba Na Bari, yalikuwa mengi kuliko nyumba. Riang aliisikia akaipuuza, kwa imani ya kale kwamba ugonjwa usiotajwa huona haya ukaondoka.

Aliyeutaja ni mama mkwe wake. Mama Nyaduoth alikuja kukaa nao kwa mwezi mmoja, na Jumapili ya kwanza Riang alimpeleka kanisani. Kwa mila yao, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Riang hakuwahi kula mbele yake wala kumtazama usoni kwa muda mrefu. Alikuwa anaendesha kimya, shingo imekauka, mama yule akiwa kiti cha nyuma na Biblia magotini.

"Baba Nyawech," alisema mama kwa upole, "simamisha gari. Kuna mtu anabisha hodi huko nyuma."

Mkwe habishiwi. Riang alisimamisha gari, akashuka na suti yake, akazunguka, akafungua buti. Alitazama ndani kama mtu anayetarajia mgeni.

"Hakuna mtu, mama."

"Basi amechoka kungoja," alisema Mama Nyaduoth. Mkewe Riang, Nyaboth, aliyekaa mbele, aligeukia dirishani na mabega yake yakatikisika hadi kanisani.

Jumamosi iliyofuata Riang alitangaza vita. Alitoa kila kilichokuwa kwenye buti: jeki, tairi la akiba, dumu la maji, vitabu vya nyimbo, kiatu kimoja cha mtoto ambacho mwenzake alishatupwa mwaka jana. Akazunguka mtaa. Ko-ko, na sasa, kwa kuwa buti lilikuwa tupu, mlio ulivuma vizuri zaidi, kama umepewa ukumbi. Akaingia chini ya gari na waya, akafunga bomba la moshi hadi likaonekana kama kuku aliyetayarishwa kupelekwa sokoni. Ko-ko. Akachukua mchi wa jikoni akagongagonga kila chuma alichokifikia, akisikiliza. Kila chuma kilijibu, na hakuna hata kimoja kilichokiri.

"Kwa nini usimpelekee Edrine?" aliuliza Nyaboth, aliyetaka mchi wake.

Edrine alikuwa fundi kutoka Uganda mwenye gereji ya mabati pale soko la Custom. Alijua kazi.

"Edrine atafungua gari zima," alijibu Riang. "Mimi nataka kwanza nijue ni nini. Nikijua, nitampelekea jibu."

"Utampelekea fundi jibu."

"Nyaboth, hii ni sauti. Sauti ndiyo kazi yangu."

Wote wawili walikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wakasoma Kitale, na Nyaboth alimfahamu tangu akiwa kijana aliyebomoa redio ya mwalimu mkuu ili kuisafisha. Alijua lini kubishana na lini kushika ufunguo. Kwa hiyo Riang alipomweleza mpango wake, alishika ufunguo.

Mpango ulikuwa huu: Nyaboth aendeshe, Riang alale nyuma, viti vikiwa vimekunjwa, kichwa kikiwa karibu kabisa na magurudumu, na kinasa sauti cha kazini mkononi. Miguu yake, kwa kuwa haikuwa na pengine pa kwenda, ilipita katikati ya viti vya mbele, nyayo mbili zikatua kando ya gia. Kila Nyaboth alipobadilisha gia ilibidi amwombe radhi mguu wa kulia.

Walienda hivyo kwa nusu saa, Jumatatu saa nne ya asubuhi, kabla ya zamu yake ya kazi. Riang alikuwa amefumba macho, visikizio vimeziba dunia yote isipokuwa ile ko-ko, na kwa kweli alikuwa na furaha. Ndipo, karibu na mzunguko wa barabara, askari wa usalama wa barabarani aliinua mkono.

Alikuwa sajenti wa makamo, jina lake Albino kwa mujibu wa kibandiko kifuani. Aliinama dirishani, akamsalimia Nyaboth, akaomba leseni. Halafu macho yake yalishuka yakakuta zile nyayo.

"Madam," alisema taratibu, "huyu zol ni mgonjwa?"

"Hapana, afande. Ni mzima."

Sajenti alizitazama tena. Hazikusogea. "Amekufa?"

"Anasikiliza."

Sajenti alinyooka, akamwita mwenzake mwenye bunduki. Wakazunguka nyuma na kupitia kioo wakamwona mtu mrefu amelala chali, nyaya zinamtoka masikioni, kifaa chenye taa nyekundu kifuani. Nyaboth anasema kijasho kilimtoka hapo, kwa maana katika mji wetu mambo ya nyaya na taa nyekundu hayachukuliwi kwa mzaha. Na Riang, ambaye hakusikia lolote ila kunyamaza kwa gari, alipaza sauti bila kufumbua macho:

"Mbona umesimama? Nilikuwa karibu kuipata."

Buti lilifunguliwa. Jua likaingia. Riang alifumbua macho akaona mdomo wa bunduki, na nyuma yake sura mbili zisizojua zimchukulie vipi.

"De shunu? Ni nini hiki?" aliuliza Sajenti Albino, akionyesha kinasa sauti.

Maelezo yalichukua muda. Kitambulisho cha kazi kilisomwa pande zote mbili. Mwisho sajenti alitaka kusikia kilichonaswa. Akavaa visikizio, akasikiliza kwa uso wa mtu aliyeletewa habari za msiba. Akampa mwenzake, naye akasikiliza. Nyuma yao bodaboda saba au nane zilikuwa zimesimama bila kuamriwa, abiria wakinyoosha shingo.

Sajenti alirudisha visikizio. Alishika kona ya nyuma ya Kiberiti kwa viganja viwili, akaibonyeza chini kwa uzito wake wote, akaiachia. Gari liliruka juu, likashuka, likaruka, likashuka, likaruka tena. Liliendelea hivyo kwa muda ambao Riang aliuona mrefu mno.

"Shokapu mafi," alisema sajenti. "Kalas."

"Zimekufa," mwendesha bodaboda mmoja alifafanua, kwa faida ya wasiojua Kiarabu cha Juba.

"Afande," alisema Riang, akijaribu kutoka kwenye buti kwa heshima, jambo lisilowezekana kwa mtu wa kimo chake, "huo ni uchunguzi wa haraka. Sauti kama hii inaweza kuwa na vyanzo vingi."

"Nimeendesha lori la Nimule, kule mpakani, miaka nane kabla ya kuvaa hii," alijibu sajenti, akigusa sare. "Nenda kwa fundi. Na usilale tena kwenye gari mke wako akiendesha. Watu watafikiri amekuua."

Riang alikaa kiti cha mbele kama watu wengine, akaenda Custom.

Edrine alikuwa anakunywa chai aliyoletewa na Angella, mama wa Kiganda aliyeuza chai na chapati mkabala na gereji. Alipoliona Kiberiti aliweka kikombe chini.

"Ssebo, bwana, umekuja," alisema. "Hii gari mimi iliona mwezi iliyopita ikipita hapa. Inaruka kama chura. Nikamwambia Angella, mzee Riang atakuja."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Edrine alitafakari. "Wewe ni mtu ya masikio. Mimi ilifikiri unajua."

Waliinua gari kwa jeki. Pale chini, palipokuwa mbele ya pua ya Riang Jumamosi nzima, shokapu zote mbili zilikuwa zimelowa mafuta, na vumbi limegandamana juu yake kama matope ya kichuguu. Edrine alifungua moja, akasukuma ule ufito wake wa chuma kwa mkono. Uliingia ndani, ukabaki humo humo bila hamu ya kurudi. Mpira wa juu ulikuwa umepasuka vipande viwili.

"Springi inabeba gari," alieleza Edrine. "Shokapu inashika springi isicheze. Sasa hii imechoka kushika. Springi yako iko inacheza peke yake, na hii chuma inagonga juu. Ko-ko yako ni hii."

Mtu mwingine angesema, haya, weka mpya. Riang alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia hutaka makubwa. Kesho yake alisoma habari za shokapu mtandaoni siku nzima kazini, hata taarifa ya saa saba ikaanza bila muziki wake. Jioni alirudi Custom akiwa mtaalamu. Alitaka shokapu ndefu, za kunyanyua gari, za gesi, za kwenda jangwani.

"Jangwa gani?" aliuliza Edrine.

"Ni mfano."

"Ukiweka ndefu na springi hii fupi, springi itatoka mahali yake siku moja, na wewe utakuwa ndani." Edrine alifuta mikono. "Ya gesi, sawa. Ngumu kidogo kuliko ya zamani, sawa, barabara yetu ni mbaya. Lakini urefu ile ile. Hii ni Kiberiti, ssebo, si Land Cruiser."

Riang alikubali, akijipongeza moyoni kwamba wazo la gesi lilikuwa lake. Shokapu ziliagizwa Kampala, zikafika kwa basi baada ya siku nne, zimefungwa gazeti, nyeusi, zinang'aa. Alizibeba mwenyewe hadi gereji, moja kila kwapa.

Na hapo, pale pale ambapo kisa kingeisha vizuri, Riang aliomba afunge moja kwa mkono wake.

Edrine hakupenda, ila alimheshimu mteja. Alichukua upande wa kushoto, akamwachia Riang wa kulia. Wa kushoto ulikwisha kabla chai ya Angella haijachemka. Wa kulia ulichukua hadi adhuhuri. Riang alikuwa amelala ndani ya buti, akifunga ile nati ya juu, mpira, kisahani cha chuma chenye tundu ambacho mafundi hukiita wosha, mpira mwingine, nati. Alipokaza na kurudishia kifuniko cha plastiki, aligundua kwamba wosha moja imebaki sakafuni.

Aliitazama. Edrine alikuwa ameitwa kwenye lori lililogoma upande wa pili wa soko. Riang angeweza kungoja. Badala yake alijiambia kwamba watengenezaji wenye busara huweka kipande cha akiba, akaitia mfukoni.

Edrine aliporudi aliteremsha gari, akakaza bolti za chini magurudumu yakiwa ardhini, akieleza kwamba ukizikaza gari likiwa hewani mpira hujinyonga. "Juu umemaliza?" aliuliza.

"Juu tayari," alisema Riang, mtu mzima.

Kesho yake asubuhi Kiberiti lilikuwa gari jingine. Liliingia shimoni na kutoka kama mtu mwenye adabu zake, bila kurukaruka. Riang alitaka kuimba. Halafu, penye kokoto ndogondogo karibu na kazini, alisikia: tak. Tak-tak.

Alisikiliza. Ilitoka kushoto.

Ni aibu kulisema, na Riang hulisema kila mara bila kuulizwa: alifurahi. Kushoto ulikuwa upande wa Edrine. Alienda Custom akiwa amejaa upole wa mshindi, akamwambia fundi kwamba hakuna binadamu asiyekosea. Edrine alifungua kushoto. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akafunga. Siku ya pili, tak-tak, na Riang akarudi, kushoto tena. Edrine akafungua tena, akafunga. Siku ya tatu Edrine aliingia garini, wakaenda pamoja hadi mwisho wa soko na kurudi.

"Iko kulia," alisema Edrine.

"Kushoto."

"Kulia, ssebo."

"Edrine, mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja."

Edrine alimtazama kwa namna ambayo Riang hakuipenda, maana haikuwa na hasira. "Kaa hapo," alisema. "Funga macho. Nitagonga, wewe uniambie ni wapi."

Riang alifumba macho. Chuma kililia.

"Kushoto."

Kikalia tena.

"Kushoto."

Cha tatu. "Kushoto," alisema, sasa kwa sauti ndogo, kwa kuwa kelele za watu waliokuwa karibu zilikuwa zimekwisha ghafla. Alifumbua macho. Edrine alikuwa amesimama upande wa kulia, spana mkononi, hatua mbili kutoka sikio lake. Angella alikuwa ameshika birika bila kumimina.

"Zote tatu nimegonga hapa," alisema Edrine.

Hakuna aliyecheka. Edrine alienda kwenye buti, akafungua kifuniko cha kulia, akaushika mpira wa juu kwa vidole viwili, nao ukamchezea. "Hapa kulikuwa na wosha," alisema. "Iko wapi?"

Riang aliingiza mkono mfukoni. Alikuwa ametembea nayo siku tatu, pamoja na funguo. Alipoitoa na kuiweka kwenye kiganja cha fundi, ndipo Angella aliposhindwa kuzuia kicheko, akalazimika kuweka birika chini.

Wosha iliwekwa, nati ikakazwa, na tak-tak ikafa hapo hapo. Lakini Riang hakuondoka. Alikaa kwenye usukani, mikono miwili juu yake, akikumbuka vitu. Akakumbuka simu, ambayo siku hizi aliiweka sikio la kushoto bila kujiuliza kwa nini. Akakumbuka kwaya ya kanisa aliyoirekodi mwezi uliopita. Akina mama waliosimama kushoto walilalamika kwamba hawasikiki hata kidogo, wenzao wa kulia wamewafunika, naye aliwajibu kwamba dawa ni kuimba kwa nguvu. Ni yeye aliyepandisha upande wa kulia hadi alipoanza kuusikia. Akawaza: miaka kumi na mmoja ya visikizio. Mtu wa masikio amekwisha, na aliyegundua ni fundi wa magari.

Usiku huo alimwambia Nyaboth ana kichwa kizito, akalala mapema. Asubuhi alienda zahanati moja bila kumwambia mtu. Tabibu alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Ayak. Riang alimweleza yote kwa sauti ya mtu anayeandika wosia: kazi yake, visikizio, watoto bado wadogo. Ayak alisikiliza, akawasha kurunzi yake, akachungulia sikio la kulia.

Alisogeza kurunzi, akachungulia tena.

"Niambie tu," alisema Riang. "Mimi ni mtu mzima."

"Baba," alisema Ayak, "humu kuna nta. Na pamba."

"Pamba?"

"Ya vile vijiti vya kusafishia masikio. Kipande kilibaki, nta ikakizunguka. Unaposafisha unakisukuma ndani." Aliandaa bomba la sindano na maji ya uvuguvugu. "Inamisha kichwa."

Ilichukua muda na maji mengi. Kitu kilichoangukia kwenye bakuli kilikuwa na ukubwa wa harage na rangi ya ukindu. Riang aliomba akione, akakitazama kwa heshima fulani. Na hapo, upande wa kulia wa dunia ukarudi: feni ya dari ikilia kwa kukosa grisi, kalamu ya Ayak kwenye karatasi, mtoto chumba cha pili akikataa sindano. Machozi yalimtoka Riang, akasema ni maji.

Kabla ya kwenda kazini alipitia kwa kiongozi wa kwaya akaomba kuwarekodi upya akina mama wa kushoto. Aliulizwa sababu, akaitaja. Ilifika kanisani kote kabla ya Jumapili.

Jioni, Nyaboth akiwa anachambua mboga uani, Riang alivuta kigoda akamweleza kila kitu, akianza na wosha. Alikuwa amejiandaa kuchekwa. Nyaboth alicheka penye wosha, akacheka zaidi penye spana, lakini Riang alipofika kwenye ile asubuhi ya kwenda zahanati peke yake, mkewe aliacha mboga.

"Ulifikiri unakuwa kiziwi, ukaenda peke yako?"

"Sikutaka kukutia hofu."

"Nilikuendesha mbele ya bunduki ukiwa umelala kwenye buti," alisema Nyaboth. "Hofu gani imebaki?"

Nyaboth aliosha mikono, akanyoosha kiganja akitaka ufunguo, na Riang akampa. Alimsikia akiwasha gari, akirudi nyuma, akikunja kona kwenye ule mtaro wa mbele ya nyumba uliowasumbua mwaka mzima. Hakusikia kingine. Alikaa kwenye kigoda akamalizia kuchambua mboga, vibaya, akiacha mashina, hadi Nyaboth aliporudi baada ya nusu saa na samaki wawili wabichi kwenye mfuko.

"Limetulia," alisema, akampa samaki awapare.